Nyama ya Nguruwe Niliyokataa Kuisaga

Ninyi mnaokuja hapa kwangu Rugera kuniuliza nyama ya nguruwe inasagwaje nyumbani hata iwe laini, nimewazoea. Mnasimama mlangoni, simu mkononi, mnataka nijibu kwa neno moja kisha mwende zenu. Mjukuu wangu Editha aliwahi kuniambia, "Bibi, wewe nitajie tu vipimo, mengine nitajua mwenyewe." Nikamtajia. Akarudi kwake Kayanga, akakata nyama mapande makubwa, akayatia kwenye blenda ya juisi. Blenda ikanguruma, ikanuka, ikatoa moshi. Alinipigia simu huku analia, na nyuma yake nilimsikia mumewe anacheka mpaka anakohoa. Nyama nusu ilikuwa uji, nusu bado mapande, na chombo cha watu kimekufa.

Kwa hiyo leo sitaji vipimo. Kaeni chini. Kahawa yangu imeshaanikwa, mvua haina dalili, na magoti yangu hayana pa kwenda. Nawasimulia kazi niliyoifanya tangu usichana wangu mpaka hawa wajukuu wakanikuta nayo.

Nilijifunza Songambele, kwa mtu aliyeitwa Deogratias, mfanyabiashara kutoka Muleba. Sisi tulimwita Ta Deo, kama tunavyomwita kila baba wa heshima huku kwetu. Alikuwa na bucha ya nguruwe mbele na jiko nyuma, na kwenye pembe ya meza yake ya mbao alikuwa amefunga mashine ya kusagia nyama, ile ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Ndiyo ilikuwa mashine ya kwanza mimi kuiona. Kwetu nyumbani nyama ililiwa vipande, na mzee asiye na meno alikunywa mchuzi.

Siku nyingi hakuniruhusu kuigusa ila kuiosha. Nilinung'unika moyoni. Nilidhani ananifanya mtumwa wa sufuria, kumbe mtu akiosha mashine ndipo anapoijua. Unaifungua yote, hubakishi kipande ndani ya kingine. Kwanza maji ya baridi, ndipo ya moto na sabuni, kwa sababu ukianza na ya moto nyama iliyobaki inaganda kwenye chuma kama gundi. Ukishaosha unaifuta, unaianika juani, halafu unaipaka mafuta ya kupikia kidogo sana, kama unavyompaka mtoto anayekwenda kanisani. Isipofanyiwa hivyo inashika kutu, na kutu hiyo mtaila ninyi.

Siku ya kwanza kuniachia niifunge mwenyewe, nilikigeuza kisu. Ndani ya mashine mna kisu kidogo chenye mabawa manne, na upande wake mmoja ni bapa. Upande huo bapa ndio unaotakiwa kulalia ile sahani yenye matundu. Mimi niliutazamisha ndani. Nikazungusha, nikazungusha, kilichotoka ni kitu cheupe chekundu kama uji wa mtama. Ta Deo akaja, akachovya kijiko, akakiinua kikadondoka taratibu. Hakunigombeza. Akawageukia wateja waliokuwa wanasubiri akasema, "Leo anayeumwa tumbo asogee, Adventina ametupikia uji." Walicheka, na mimi nikacheka baada ya kulia kidogo. Tangu hapo sijawahi kugeuza kisu.

Ta Deo alikuwa Mlutheri wa kuimba. Kila akisaga anaimba tenzi, na tenzi zenyewe ni zile za polepole, za kuvuta. Siku moja nikamwuliza, "Ta, mbona huimbi zile za kuchangamka?"

"Nikichangamka mimi, mkono nao utachangamka," akanijibu. "Mkono ukikimbia, chuma kinapata moto. Chuma kikipata moto, mafuta yanayeyuka yanapaka kisu. Hapo nyama haikatwi tena, inapondwa."

Hilo ndilo jambo kubwa kuliko vipimo vyenu vyote. Nguruwe ana mafuta laini, hayapendi joto. Zamani hatukuwa na friji, lakini tulikuwa na asubuhi za huku kwetu, na ninyi mnazijua zinavyouma. Nyama ililala imening'inizwa mahali penye upepo, imefunikwa kitambaa safi, na vyuma vya mashine vililala ndani ya maji ya mtungi. Tulisaga ukungu ukiwa bado mgombani. Siku hizi mna friza, basi itumieni. Kata nyama, itandaze kwenye sinia, iache igande nusu, iwe ngumu pembeni lakini kidole kinaingia katikati. Weka na kisu na sahani ya mashine humo humo. Ukifanya hivyo tu, umeshamzidi Editha.

Ninaikumbuka siku moja Mama Zuhura, jirani yetu muuza nafaka, alikuja bucha kwa mlango wa nyuma. Sikukuu ya Idi ilikuwa karibu. Alikuwa na nyama yake ya ng'ombe ndani ya kapu, anataka sambusa, na alikuwa amesikia kuna mashine. Sijui aliambiwa na nani, ila hakuwa ameambiwa inasaga nini. Ta Deo angeweza kusema haiwezekani, imeharibika, basi. Hakusema hivyo. Alifuta mikono, akatoka nje kabisa, akamwambia, "Mama Zuhura, shemeji yangu, hii mashine haijawahi kusaga kitu kingine ila nguruwe. Hata niichemshe mpaka kesho, si yako hii."

Mama Zuhura akaweka mkono kifuani, akacheka. "Afadhali umeniambia wazi. Sasa sambusa zangu?"

Ta Deo alioga, akabadili nguo, akaenda kwa Mama Zuhura. Hakubeba hata kisu kutoka kwetu. Kule alipewa visu viwili vya mwenye nyumba na ubao wa mwenye nyumba, akaikata nyama ile kwa mikono miwili, kisu kinapanda kisu kinashuka, kama anapiga ngoma. Nami nilikwenda kutazama. Unaikata vipande vidogo kwanza, halafu unashusha visu kwa zamu, unaikunja nyama kama unga, unaanza tena. Mtu asiye na mashine asije akaniambia hawezi. Visu viwili vikali na mkono usio na haraka vinatosha. Tulikula sambusa zile siku ya Idi, na nyama ilikuwa nzuri kuliko ya mashine.

Njiani kurudi aliniambia neno ambalo hakulirudia tena, na mimi sikuhitaji alirudie. "Nyama ya kipande, mlaji anaiona. Hii ya kusaga haioni. Anamwona yule aliyeisaga."

Basi, tuje kwenye kuikata, kwa maana hapa ndipo yaliponipata yale ninayotaka kuwaambia. Chukua bega la nguruwe. Paja ni kavu, litakupa vibonge vigumu kama vya kurushia ndege. Bega lina mafuta yake. Ukikadiria kwa macho, nyama iwe sehemu tatu na mafuta sehemu moja. Toa ngozi, toa mishipa myeupe yote, kwa sababu mishipa haikatiki, inajizungusha kwenye kisu kama uzi kwenye bobini mpaka mashine inakwama. Halafu kata vipande virefu, vyembamba, unene wa kidole. Wengi wanadhani vipande vyembamba ni kwa ajili ya mdomo wa mashine. Ni kweli, lakini si hilo tu. Ukikata vyembamba macho yako yanapita ndani ya nyama yote kabla haijapotea kwenye matundu.

Ta Deo alipougua mgongo alirudi kwao Muleba, akaniachia bucha na mashine. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto, na watu wameshazoea kuniita kwenye shughuli. Nikaitwa Nyakatuntu kupika kwenye harusi ya msichana mmoja aliyeitwa Jovitha. Baba yake alikuwa amefariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na baba yake mkubwa, Ta Kaijage. Mzee yule alikuwa mtu wa migomba na kahawa kidogo, mtaratibu, mwenye aibu ya watu wasiozoea shughuli. Hakuwa na mtoto wa kuzaa. Jovitha ndiye alikuwa wote.

Kwa harusi hiyo alitoa nguruwe wake. Alimlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa kwapani. Alinionyesha kwa mkono mahali alipokuwa akilala, chini ya mgomba, karibu kabisa na mlango wake. "Huyu hajafungwa hata siku moja," akaniambia kwa fahari. "Anazunguka, anakula, anarudi mwenyewe nikimwita." Mimi neno hilo lilinigusa, kwa sababu nguruwe anayezunguka anakula chochote anachokikuta, na nyuma ya nyumba nyingi enzi hizo hapakuwa na choo cha kueleweka. Lakini ni mzee wa watu, yuko kwenye furaha yake. Nikauliza tu, "Ta, bwana mifugo ameshapita kumkagua?"

"Atapita," akasema.

Wakwe walikuwa wanatoka Bukoba. Mwenyewe Jovitha alikuwa ameomba vibonge vya nyama ya kusaga ndani ya katogo, zile ndizi za kupikwa pamoja na vitu vyake vyote kwenye chungu kimoja. Alivila mara moja kwangu Songambele, akasema siku akiolewa atavitaka. Kwa hiyo niliibeba mashine kutoka dukani kwangu mpaka Nyakatuntu, imefungwa kwenye kitenge, nimeipakata kwenye pikipiki kama mtoto.

Nguruwe alichinjwa Ijumaa jioni, bwana mifugo hajapita bado. Jumamosi, kulipopambazuka, nilifunga mashine kwenye meza chini ya upenu, nikaleta bega la kwanza, nikanoa kisu. Wanawake wengine walikuwa upande wa pili wanamenya ndizi na kuimba. Baridi ilikuwa nzuri kabisa ya kusagia. Nilikata kipande cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu nikaona punje.

Zilikuwa nyeupe, ndogo, kama mchele uliolowekwa. Nilidhani ni mafuta. Nikaibinya moja kwa ncha ya kisu, ikapasuka ikatoa maji. Mafuta hayatoi maji. Nikakata pengine, nikaziona. Nikaenda kwenye paja lililokuwa limening'inia, nikalipasua kidogo, nazo zilikuwepo, zimejipanga kwenye nyama kama zimepandwa. Ile ilikuwa tegu. Ta Deo alinionyesha mara moja tu, kwenye nguruwe wa mtu mmoja ambaye alimrudisha kwao na nyama yake, akaniambia niitazame mpaka niikariri.

Niliweka kisu chini. Wanawake wanaimba, vyungu vimeshabandikwa, wakwe wako njiani, na mimi ni mpishi wa kuitwa, si ndugu, si mtu mkubwa. Nilimwita Ta Kaijage pembeni.

"Shikamoo Ta."

"Marahaba mwanangu. Mbona husagi?"

Nikamwonyesha. Akainama akatazama muda mrefu. Akakisugua kile kipande kwa kidole gumba, kama vile punje zitatoka.

"Ni mafuta haya," akasema.

"Si mafuta, Ta. Ni tegu. Mtu akiila haijaiva vizuri, mdudu anaingia tumboni mwake."

"Si utaipika iive?"

"Ta, nyama ya namna hii haipelekwi jikoni. Bwana mifugo akiiona ataizika."

Akatazama kule kwenye nyimbo. Halafu akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo mpaka leo naisikia kwa sababu haikuwa ya mtu mbaya, ilikuwa ya mtu anayezama. "Adventina. Mimi sina kitu kingine. Wewe saga tu. Ikishasagwa, nani ataona?"

Vijana wangu, hamjawahi kuombwa hivyo na mzee. Kama angenifokea ningepata nguvu ya kukataa. Lakini alikuwa anaomba. Na alilolisema lilikuwa kweli tupu. Ningeingiza vile vipande kwenye mashine, punje zingesagwa na nyama, ningetia kitunguu na pilipili manga, na hakuna jicho duniani lingejua.

"Siwezi, Ta."

"Basi nitasaga mwenyewe." Akaja kwenye meza, akashika mpini, akachukua kipande.

Sikujua nitafanya nini mpaka mikono yangu ilipofanya. Nilifungua lile duara la mbele la mashine, nikatoa sahani, nikachomoa kisu chenye mabawa, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Mashine bila kisu ni bomba tu. Akazungusha mara moja, nyama ikajikunja ndani ikakaa. Akanitazama. Mimi nikatazama chini. Tukasimama hivyo, yeye ameshika mpini, mimi nimeushika mfuko wangu, na nyimbo zikaanza kupungua kwa sababu wale wanawake walikuwa wameshahisi kuna jambo.

Jovitha alitoka ndani. Alikuwa na vibanio kichwani na kanga mabegani, hajavaa bado. Akauliza kuna nini. Ta Kaijage alibaki ameshika mpini, na mimi sikuona haki ya kusema mbele yake. Jovitha akakichukua kile kipande mezani, akakigeuza, akaziona punje. Alikuwa msichana wa shamba, hakuhitaji hotuba. Akakirudisha mezani polepole.

"Baba," akasema, kwa maana hakuwahi kumwita baba mkubwa, "mimi nitakula ndizi na maharage. Nilikuwa nakula hayo hayo ulipokuwa unanilea, nikakua. Ila leo ukae na mimi meza ya mbele. Usikae nyuma."

Mzee akaachia mpini. Akaingia ndani ya migomba. Tukadhani amekwenda kulia. Baadaye tukasikia jembe. Alikuwa anachimba shimo, peke yake, ndani ya suti yake ya harusi, suruali ameikunja magotini.

Nilituma mtu kwa bwana mifugo. Akaja, akakagua, akathibitisha, akasimamia nyama yote ikatiwa kiberiti na kufukiwa chini sana mbwa wasiifikie. Ubaya ukawa kwamba gari la wakwe liliingia wakati udongo unarudishwa. Wakashuka na nguo zao nzuri, wakaona moshi, wakaona mzee mwenye udongo mpaka kwenye viwiko. Mmoja akauliza kwa Kihaya kama kuna msiba. Hapakuwa na namna ya kuficha. Waliambiwa.

Harusi ilifanyika. Majirani walileta kuku, huyu mmoja, yule wawili, wakiwa wamewabeba miguu juu kichwa chini. Nilipika katogo ya maharage, na kuku wa kuchemsha na nyanya chungu, na waliokuwa wamehifadhi senene wakawaleta. Watu walikula wakashiba. Ta Kaijage alikaa meza ya mbele kama alivyoambiwa, ameshanawa, lakini hakugusa chakula na hakuinua macho. Nilipopita karibu naye nimebeba sahani nilimsalimia, hakuitika.

Na hakuitika tena kwa muda mrefu sana. Tulikutana mnadani, tulikutana kanisani kwenye misa ya mavuno, tulikutana barabarani mimi nikiwa nimebeba kuni. Kila mara: "Shikamoo Ta." Kila mara anatazama migomba ya watu kama vile ndiyo iliyomsalimia. Kwetu huku kutoitikiwa na mzee ni kitu kizito. Watu wakaanza kusema. Wengine walisema nilimwaibisha mzee mbele ya wakwe, ningeweza kusema tu mashine imeharibika, nyama ikazikwa kimyakimya kesho yake. Nililala na neno hilo mara nyingi. Hata mume wangu aliniambia, "Ulisema kweli, lakini kweli yako imemwacha uchi mtu." Ninachojua ni kwamba asubuhi ile mezani palikuwa na nyama, na watoto wa watu walikuwa wanakuja kula.

Bwana mifugo alikuwa ameagiza kila mtu wa nyumba ile aende kituo cha afya apimwe na apewe dawa, kwa sababu nguruwe akiwa na tegu, ujue zimetoka kwa mtu. Hilo wengi hamlijui. Si nguruwe anayezizua, yeye anazipata kwenye uchafu wetu sisi. Nilisikia kwamba Ta Kaijage alikwenda, yeye na mkewe. Nilisikia pia kwamba amechimba choo kirefu, amekijengea tofali. Halafu nikasikia ana nguruwe wengine, na hao hawatembei. Amewajengea banda la mbao lililoinuliwa, anawapelekea maganda ya ndizi na majani ya viazi. Haya yote niliyasikia kwa watu. Kwake mwenyewe sikusikia kitu.

Nisije nikasahau kuwaambia kuhusu kupika, maana kuna anayenitazama kwa njaa. Chumvi usiitie mapema. Ukiitia nyama ya kusaga ukaiacha, inakazana kama mpira. Itie unapokaribia kufinyanga vibonge, pamoja na kitunguu kilichokatwa kidogo sana, tangawizi na pilipili manga. Loweka mikono kwenye maji baridi, finyanga kwa wepesi, usikande kama chapati. Ukitaka kujua kama chumvi imetosha, usilambe nyama mbichi ya nguruwe, hata kwa ncha ya ulimi, hata kama umeikagua mwenyewe na bwana mifugo na daktari. Kaanga kidonge kimoja kidogo, onja hicho. Na vikiwa kwenye chungu, pasua kimoja katikati. Ukiona wekundu, rudisha mfuniko, endelea na mazungumzo yenu. Nguruwe haliwi nusu.

Sasa nimalizie. Ilikuwa asubuhi, niko Songambele, nimefungua bucha. Nikamwona Ta Kaijage anakuja kwa miguu barabarani, amebeba kitu kichwani kimefungwa majani ya mgomba. Nilijua atapita kama anavyopita siku zote. Nikasimama hata hivyo, nikasema, "Shikamoo Ta."

Akasimama. "Marahaba."

Akaingia, akakitua kile kifurushi mezani. Lilikuwa bega la nguruwe, jekundu zuri, na kwenye ngozi limegongwa muhuri wa ukaguzi. Nikampa kiti. Akakikataa.

"Jovitha amekuja," akasema. "Amekuja na mtoto. Mtoto ana meno mawili tu, hawezi kutafuna. Anasema nyama ya kusaga ataiweza, ikichanganywa na ndizi zilizopondwa." Akatazama mashine. "Nikamwambia najua pa kwenda."

Nilinawa, nikavaa aproni. Nikalitoa lile bega ngozi, nikaanza kukata vipande vyembamba, navipanga kwenye sinia. Alisogea akasimama karibu na bega langu, karibu hata nikasikia pumzi yake. Kila kipande nilichokilaza, alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza, akakirudisha. Wateja walikuja wakaona, wakasubiri nje bila kuambiwa.

Nilipomaliza akauliza, "Umeona kitu?"

"Sijaona kitu, Ta. Nyama yako ni safi."

Nikadhani ameridhika, nikanyoosha mkono kuchukua kipande cha kwanza nikitie kwenye mashine. Akaniwekea kiganja juu ya mkono, kiganja kigumu cha mtu wa jembe, bila kubana.

"Angalia tena," akasema.

Nikaangalia tena. Nilikipitia kipande kimoja kimoja, na vile vinene nikavipasua katikati, na yeye akaangalia pamoja nami. Tulipofika mwisho wa sinia akavuta kile kiti alichokikataa mwanzo, akakaa, akashika mpini wa mashine kwa mikono yote miwili. Alizungusha mwenyewe mpaka mwisho, polepole, jasho linamtoka, na mimi nikawa nalisha nyama. Aliniuliza habari za watoto, nikamwambia.

Nyama niliitia kwenye sufuria yangu, nikaifunika kwa jani la mgomba nililolibabua motoni. Nikamwambia apande pikipiki, njia ni ndefu. Akakataa, akasema vijana wa pikipiki wanakimbia, wataimwaga. Akaondoka kwa miguu, ameikumbatia sufuria kifuani, anatembea upande wenye kivuli.